Kichwa kwenye Ukuta wa Kinyozi

Ukiingia Nyamuswa kwa barabara ya kutoka Bunda, kuna kibanda cha kinyozi ambacho ukutani pamechorwa kichwa cha kijana. Rangi ni ya mafuta, ile ile inayopakwa milangoni na kwenye mageti: nyeusi ya nywele, kahawia ya ngozi, nyeupe ya meno iliyobaki nyingi ikamaliziwa machoni. Nywele zimekatwa panki, na mstari unaozunguka paji la uso umenyooka kwa uangalifu mkubwa, maana hapo ndipo penye kazi ya kinyozi na mchoraji alilijua hilo. Tabu inaanza chini ya mstari. Sikio la kushoto limepanda hadi usawa wa nyusi. Jicho moja linatazama barabara, la pili linatazama vilima vya Ikizu. Shingo imeshuka kwa unene ule ule wa kichwa mpaka ikakutana na neno KARIBU, na pembeni, kwa herufi zilizopambwa kuliko jina la biashara yenyewe, mchoraji ameweka sahihi yake. Kijana wa bodaboda aliyekuwa akingoja abiria alimwuliza kinyozi, "Mura, na huyu naye mlimnyoa hapa?" Kinyozi hakuzima hata mashine. "Huyo alikuja usiku," akasema, "umeme ukakatika tukiwa katikati." Watu wakacheka, mzee aliyekuwa kitini akacheka hadi akaombwa atulie asije akakatwa, na kazi ikaendelea.

Kicheko kile kimekaa nami muda mrefu kwa sababu hakikuwa na sumu. Kila aliyecheka alikuwa ameutazama mchoro. Hakuna aliyengoja kuambiwa kama ni mzuri au mbaya. Kichwa cha mtu ni kitu ambacho kila mpita njia wa Nyamuswa anakijua kwa maisha yake yote: amekibeba, amekiosha, amekipakata kikiwa cha mtoto mchanga, na sikio likikaa pasipo pake ataliona hata kama hajawahi kusikia habari za chuo cha sanaa. Uhakiki ulimalizika kwa sentensi mbili, mchoraji hakuvunjiwa heshima, na mchoro ukaachwa ukutani uendelee kuita wateja. Naamini huo ni uhusiano wenye afya kati ya sanaa na watu wake, wenye afya kuliko ninaouona katika kumbi nyingi za mijini, ambako mgeni husimama mbele ya picha na glasi mkononi, hajui acheke au anyamaze, mpaka asome kikaratasi kilichobandikwa pembeni. Akishakisoma hutikisa kichwa kwa heshima, akasogea kwenye kikaratasi kinachofuata. Picha yenyewe inakuwa haijatazamwa na mtu.

Kichekesho cha msanii asiye na kipaji ni cha zamani sana, na ukikikaribia utaona kwamba mkono usioweza hauchekeshi peke yake. Mtu anayechora vibaya na kulijua hilo ni mwanafunzi tu. Shakespeare, katika tamthilia yake ya ndoto ya usiku wa kiangazi, anawaleta mafundi wa Athene, mfumaji Bottom na seremala Quince na wenzao, wanaoandaa mchezo wa mapenzi na kifo ili wauoneshe kwenye harusi ya mtawala. Bottom anataka nafasi zote, ya mpenzi, ya msichana na ya simba. Aliyepewa usimba anaomba aandikiwe maneno yake mapema kwa kuwa kukariri kunampa shida, na simba hana maneno, ana ngurumo tu. Kisha wanaingiwa na hofu kwamba simba atawatisha akina mama, kwa hiyo siku ya mchezo simba anaanza kwa kujitambulisha: yeye ni fundi fulani wa mbao, wasiogope. Kila nikifika hapo nacheka na kuwapenda kwa pamoja. Watu wale hawamdanganyi yeyote. Wanaeleza sana, lakini maelezo yao yanawapunguza. Simba anajishusha awe fundi ili mtu asiumie. Maelezo ya kumbi zetu hufanya kinyume chake, humkuta fundi yakamvika usimba.

Kutoka Nyamuswa hadi Butiama si mbali, na Butiama ndiko alikozaliwa mtu aliyemfanya Shakespeare aseme Kiswahili. Julius Nyerere alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Julius Caesar mwaka 1963, urais wake ukiwa bado mchanga, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Ndani ya tamthilia ile ya Kaizari kuna onyesho fupi sana ambalo ni rahisi kulipita. Kaizari ameshauawa, Antonio ameshawahutubia watu, mji wa Rumi umeshika moto. Mshairi aitwaye Cinna anatembea njiani peke yake. Umati unamzingira na kumtupia maswali: jina lako nani, unakwenda wapi, unakaa wapi, una mke au huna. Anataja jina. Miongoni mwa waliomwua Kaizari yumo mwingine mwenye jina hilo hilo, basi umati unataka damu. Anapiga kelele kwamba yeye ni mshairi, siye yule mla njama. Ndipo mtu mmoja katika lile kundi anapata ufumbuzi: kama ni mshairi, araruliwe kwa ajili ya mashairi yake mabaya. Ukumbini watu huangua kicheko, na kicheko hakijatoka vizuri mdomoni, mshairi ameshaangushwa.

Sijui onyesho jingine lililoweka kichekesho na maafa karibu kiasi hicho. Umati unamwua mtu kwa ubaya wa mashairi, na katika umati mzima hakuna anayetaja hata mstari mmoja wa mashairi yenyewe. Hapo ndipo ninapouona undugu kati ya umati wa Rumi na mgeni mwenye glasi. Mgeni husifu asichokitazama, umati hurarua usichokisoma, na wote wawili hufanya hivyo kwa kuwa wenzao wamesimama upande ule. Watu wa kibanda cha kinyozi hawamo katika ukoo huo. Walianza na sikio, wakamalizia na sikio.

Washairi wetu wenyewe wameonja kidogo ya hali hiyo. Barabara ile inayopita Nyamuswa, ukiifuata kupitia Bunda na kuendelea magharibi, inashuka hadi Kisorya, kwenye kivuko cha kwenda Ukerewe. Huko Ukerewe alizaliwa Euphrase Kezilahabi mwaka 1944, na mwaka 1974 alitoa Kichomi, diwani yenye mashairi yaliyoacha vina na mizani. Miaka ishirini kabla yake, Kaluta Amri Abedi alikuwa amechapisha Sheria za Kutunga Mashairi, na kizazi kizima kilikuwa kimekua kikihesabu mizani kwa vidole. Malumbano yaliyofuata yalikuwa makali. Hoja iliyorudiwa mara nyingi ni kwamba hawa wameshindwa kutunga, na kwa kuwa wameshindwa wanaigeuza sheria kuwa ndiyo yenye kosa. Nawaheshimu walinzi wa vina. Anayejua jasho la ubeti wenye mizani kumi na sita kila mstari ana haki ya kumtilia shaka mtu anayekuja na mistari mirefu na mifupi akadai ni shairi, maana katika kila sanaa wapo walioupa uvivu jina la uhuru. Swali lao lilikuwa la haki. Jibu lilikuwa ndani ya kurasa, na waliozifungua kurasa walimkuta mtu anayehesabu kitu kingine, pumzi ya msemaji na uzito wa kimya kati ya picha na picha. Nyerere mwenyewe, miaka kumi na mmoja kabla ya Kichomi, alikuwa ameshamwongelesha Kaizari kwa mistari isiyo na vina. Kilichohitajika ni sikio tu, si chama.

Na kwenye kisiwa hicho hicho aliishi Aniceti Kitereza, aliyemaliza mwaka 1945 riwaya kubwa ya Myombekere na Bugonoka katika Kikerewe. Wachapishaji hawakuitaka. Akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, akangoja. Kitabu kilitoka mwaka 1980, na mzee akafariki mwaka 1981 kabla nakala hazijamfikia mkononi. Wahenga wamesema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nusu ya pili naikubali bila ubishi. Nusu ya kwanza, nikimkumbuka Kitereza, inanikwama kooni.

Kwa kibaya kinachojitembeza, Venisi imetupa mfano wetu wenyewe wa Afrika Mashariki. Venisi hii ndiyo ya wale mabepari wa Nyerere, mji wa biashara juu ya maji, ambao kila baada ya miaka miwili hukusanya mataifa yaoneshe sanaa, kila nchi chini ya jina lake. Mwaka 2013 palikuwa na ukumbi wa Kenya. Walioingia walimkuta Kivuthi Mbuno, aliyewahi kuwa mpishi wa safari za porini kabla ya kujulikana kwa michoro yake, na Chrispus Wangombe Wachira. Waliobaki karibu wote walikuwa wasanii wa China na Italia. Mwaka 2015 orodha mpya ilipotangazwa, ilikuwa imeegemea China zaidi, pamoja na Mwitaliano mkazi wa Malindi, na mwenye asili ya Kenya aliyemo alikuwa Yvonne Apiyo Braendle-Amolo, anayeishi Uswisi. Onesho lenyewe lilipewa jina linalohusu kuumba utambulisho. Wasanii wa Nairobi walipaza sauti wakakusanya saini, na serikali ya Kenya, kupitia kwa waziri Hassan Wario, ikaukana ukumbi ule.

Nimesoma maelezo ya kumbi za aina ile, yenye kueleza jinsi mipaka inavyoyeyuka na jinsi Afrika isivyo mahali bali hisia, na najiuliza nani angeyaamini maelezo hayo akiyasikia kwenye kituo cha daladala. Lakini yalifanya kazi yake. Yalisimama mlangoni, na aliyeingia aliyakuta kabla ya kukutana na picha. Mchoraji Michael Soi wa Nairobi aliwajibu waandaaji kwa brashi, akachora mfululizo wa picha kuhusu aibu ile ya Venisi, picha za wazi zenye rangi kali ambazo mtu anaweza kuzicheka bila kusoma chochote. Nadhani hicho ndicho kichekesho bora zaidi kilichowahi kuandaliwa na wasanii wa ukanda huu juu ya majivuno ya sanaa, na kimetengenezwa na watu wanaojua kuchora. Mwaka 2017 hatimaye lilikwenda kundi la kweli, Jimmy Ogonga akiwa mratibu, na kazi za Peterson Kamwathi, Paul Onditi, Arlene Wandera, Richard Kimathi na Mwangi Hutter. Fedha za serikali hazikufika kwa wakati. Walitundika kazi zao kwenye jengo la shule.

Bahari iliyo jirani na mji ule inaitwa Adriatiki, na ndiyo iliyowahi kuchorwa na punda. Mwaka 1910, kwenye mtaa wa Montmartre jijini Paris, mwandishi Roland Dorgelès na rafiki zake walimfunga punda brashi mkiani, wakamlisha karoti ili mkia utikisike, na mtumishi wa mahakama akiwa shahidi, turubai likajaa rangi. Walilipa jina la jua kulala juu ya Adriatiki, wakambunia mchoraji wa Kiitaliano aitwaye Boronali, wakalipeleka kwenye onesho kubwa la mwaka huo, na likapokewa na kujadiliwa pamoja na kazi nyingine. Baadaye wakafichua siri. Kila kisa hiki kinaposimuliwa hutafutwa mpumbavu, na nimesikia kikitumiwa kuwacheka wachoraji wote wa kisasa kwa jumla, tena na watu wasiowahi kukaa dakika tano mbele ya picha moja. Punda hakudai chochote. Alikula karoti akarudi bandani. Waliostahili kuona haya ni wale waliolisoma kwanza jina la kubuni, macho yao yakafuata nyuma ya jina.

Kwa nini neno linaweza kukaa mbele ya picha kwa miaka na lisiondolewe? Waikizu, wenyeji wa Nyamuswa, wana simulizi ya Nyakinywa, mwanamke aliyekuja kutoka upande wa Usukumani akiwa na ujuzi wa mvua, na utemi wa Ikizu ukajengwa juu ya ujuzi huo. Nikimfikiria yeye nafikiria hadhira kali kuliko zote. Mleta mvua anatazamwa na mtama. Mvua isipokuja yapo maelezo, mwiko umevunjwa, wazee wa ukoo fulani wamekasirishwa, na maelezo hayo yana heshima yake na mantiki yake. Lakini hayajazi ghala. Msimu ukipita na wa pili ukapita, tumbo litasema. Picha haina mavuno ya namna hiyo. Ukame wake hauumizi tumbo la mtu. Mtu anaweza kuishi maisha yake yote akizungukwa na picha zisizompa chochote, na asijue kwamba ana njaa, hasa ikiwa bei iliyoandikwa chini yake inapanda. Bei imeshika nafasi ya mavuno, na bei ni sikivu mno kwa maneno. Ndiyo maana majivuno hayajawahi kustawi kwa mpiga litungu wa Mara: akiharibu, miguu ya wachezaji inasimama hapo hapo, vumbi linatulia, naye anajua kabla hajafika mwisho wa wimbo. Mcheza kwao hutunzwa, na kutunzwa huko kunakwenda pamoja na kuambiwa ukweli na watu wanaokujua.

Edward Saidi Tingatinga naye alianza kwa rangi ya mafuta. Mwaka 1968 hivi, jijini Dar es Salaam, alichukua vipande vya mraba vya hadibodi na rangi ya kupakia baiskeli, akachora wanyama na ndege, zikauzwa Oysterbay kwenye Morogoro Stores. Alikufa mwaka 1972 kwa risasi ya polisi waliomdhania mhalifu, akiwa na miaka arobaini tu, baada ya kazi ya miaka isiyozidi minne. Kwa muda mrefu waliosoma sanaa walimweka kwenye fungu la vitu vya watalii, kisha wengine wakamwinua kwa sababu hiyo hiyo, kwamba hakusoma, kwamba mkono wake haukuguswa na shule. Zote mbili naziona dharau. Ukiitazama picha yake ya chui, utaona mtu anayepima: mkia unajua unapoishia ubao, madoa yanajua ukubwa wa bega, usuli umepakwa kwa namna inayompa mnyama hewa. Hayo ni maamuzi. Anayeyaita unyofu wa asili amemnyang'anya fundi kazi yake.

Na mchoraji wa Nyamuswa si Tingatinga. Nalisema hili kwa upendo, kwa kuwa naona hatari inayomnyemelea. Siku moja atapita mgeni mwenye kamera, atalipenda lile sikio, ataliita maono, ataandika kwamba kichwa kile kinavunja taratibu za Ulaya za kumwangalia mwanadamu, na pengine ataubomoa ukuta auchukue. Mchoraji atapata fedha, nami sitamwonea wivu kwa fedha hizo, anazihitaji. Lakini kuanzia hapo hatakuwa na ruhusa ya kulishusha sikio. Atalipwa ili aendelee kukosea. Kila ukuta wa Bunda na Musoma utadai sikio lililopanda, na siku mkono wake utakapopata akili yake wenyewe ukaliona sikio linapokaa, wateja watasema ameharibika. Watu waliomcheka pale kibandani walimwachia kitu ambacho mgeni yule atamnyang'anya, nacho ni nafasi ya kurudi na kopo la rangi. Kukosolewa na mtu aliyetazama ni haki ya msanii, sawa na malipo yake, na anayemfunika kwa sifa amemdhulumu.

Ndiyo sababu nikimtafuta msanii wa kumwonesha mchoraji yule, simtafuti kwenye kumbi. Namkuta Butiama. Nyerere alipotoa tafsiri yake ya Kaizari mwaka 1963 alikuwa mkuu wa nchi, na ni nani angemwambia kwamba mstari fulani umelegea? Kitabu kiliuzwa, kilisomwa shuleni, kilisifiwa, na sifa hizo zingemtosha mtu yeyote. Lakini alirudi kwenye kazi ile, akairekebisha, na mwaka 1969 ikatoka upya kwa jina la Juliasi Kaizari, katika miaka ambayo alikuwa amebeba Muungano na Azimio la Arusha mabegani. Makumbusho yake yapo pale Butiama, na ningependa nakala za matoleo hayo mawili ziwekwe mezani kwa kudumu, bila kioo juu yake, zikiwa zimefunguliwa kwenye onyesho la mshairi Cinna, na kalamu ya risasi pembeni, ili mwanafunzi wa Nyamuswa akiletwa na shule yake alinganishe mstari kwa mstari, apige alama palipobadilika, na abishane na mwalimu wake kama mzee alipatia.